Madame wa Vitabu Visivyoshinda

Madame hakujua kukaa. Ukimpa kiti, aliweka mkoba wake juu ya kiti, yeye akasimama kando. Aliweza kusoma kitabu kizima akiwa wima, bega limeegemea mlango wa chumba chake cha mbele, jicho moja kwenye ukurasa na jingine barabarani, na kila baada ya muda akazunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mke wangu alisema yule mama anachosha hata ukimtazama tu. Ni kweli. Nimemfahamu miaka mingi na sikumbuki hata siku moja niliyotoka kwake nikiwa nimepumzika.

Alizaliwa wapi, babake alikuwa nani, hayo waulizwe watu wa ukoo wake. Mimi ni mtu wa mizigo. Wazazi wangu walitoka Kivu ya Kaskazini, nikafungua depo ya unga na sementi hapa Lubumbashi, na malori yangu hupita mpaka wa Kasumbalesa kila wiki. Madame alikuwa jirani yangu mtaani Kampemba, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, ingawa neno lenyewe kustaafu halikumkaa. Baada ya kuacha chaki alijipa kazi nyingine: kutafuta vitabu vya watoto. Tena si vitabu vyovyote. Alitafuta vile vilivyoteuliwa kuwania tuzo, na hasa vile ambavyo mwishowe havikuipata.

Ilikuwa hivi. Mahali fulani duniani, Paris au Nairobi au Abidjan, watu wanaojua kusoma wanakaa pamoja na kutaja vitabu vitano au sita vya vijana ambavyo kimoja kitapewa tuzo. Madame aliona habari hizo kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka. Akishaona tu, anavuka barabara bila kutazama pikipiki, anaingia depo kwangu huku tayari anaongea.

"Papa Kamyo! Bametoa batano! Moja iko bibi wa Kameruni, jina yake sijasikia hata siku moja!"

Papa Kamyo ni mimi, kwa sababu ya malori. Hakuwahi kuniita vingine.

"Mshindi watamtangaza lini?" niliuliza mara ya kwanza, kwa adabu tu, maana nilikuwa na wateja.

"Mushindi? Ule bantu bote batamusoma. Bale bengine bane, nani atabasoma?" Akagonga meza yangu kwa kidole. "Kitabu yenye ilishinda iko na baba. Yenye haikushinda ni yatima. Njo ile tunakamata shiye."

Kwa hiyo matokeo yakitoka, yeye alikuwa tayari ana majina ya wale wengine, na alianza kusumbua watu. Alisumbua mapadri wanaosafiri. Alisumbua mpwa wake aliyeko Ubelgiji. Alisumbua madereva wangu wanaotoka Dar es Salaam, watu wenye vichwa vigumu ambao hawaniogopi hata mimi, na wao walirudi na vitabu vya watoto vimefungwa kwenye shuka zao za kulalia ili visipate grisi. Nilipomwuliza dereva mmoja kwa nini anakubali, alisema ni rahisi kubeba kitabu kuliko kumweleza Madame kwa nini hukukibeba.

Chumba chake kilikuwa na mabenchi yaliyoazimwa parokiani na rafu za mbao za masanduku. Watoto walikuja baada ya shule na Jumapili baada ya misa. Vitabu vingi vilikuwa vya Kifaransa, lakini vya Kiswahili kutoka pwani navyo vilikuwepo, na hapo kulikuwa na kelele.

"Madame, hii iko Swahili ya ku radio!"

"Bon. Leo uko ku radio. Soma."

Misa yenyewe hakuimaliza. Alikuwa mkatoliki wa kweli, wa rozari mkononi, lakini padri akianza matangazo ya mwisho yeye alikuwa ameshafika mlangoni, ili afungue chumba kabla watoto hawajapita kwenda nyumbani. Padri alimtania hadharani kwamba baraka zake zote za miaka hii zimewekwa sakristia, aje siku moja na kikapu azichukue. Madame alicheka kuliko wote, na Jumapili iliyofuata akatoka mapema zaidi.

Alikuwa na mambo mengi yasiyopatana. Mtoto asiyenawa mikono hakugusa kitabu chake, lakini vitabu alivyopenda yeye vilikuwa na alama za vidole vya mafuta ya mawese toka jalada hadi jalada. Ukimwonyesha, alisema zile ni alama za kazi. Aliwahubiria watoto subira, wasiruke kurasa, na yeye mwenyewe alianza kila kitabu kwa ukurasa wa mwisho. "Napenda kujua kama mutoto atabaki muzima," alinijibu, "kisha njo ninaweza kusoma vizuri." Aliwakataza watoto kunong'ona, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye mashine ya kusaga mahindi ya mtaa wa pili.

Kuazimisha aliazimisha kwa kila mtu, bila kuuliza, bila kuandika popote. Kurudisha ndiko kulikokuwa na vita. Siku ikipita ile aliyoipanga kichwani mwake, alikuja nyumbani kwako. Aliingia mkiwa mezani, akamega tonge la bukari akiwa amesimama, akasifu mboga ya sombe, akauliza hali ya wagonjwa, na alipotoka kitabu kilikuwa kwapani. Nilimwona kwenye kilio kimoja, jirani yetu amefiwa na mumewe. Madame alilia pale kwa uchungu wa kweli, maana marehemu alikuwa rafiki yake wa zamani. Katikati ya kulia akaona kitabu chake kimewekwa chini ya mguu mfupi wa meza, ili meza isiyumbe. Akatoka nje, akarudi na kipande cha tofali, akainua meza, akatoa kitabu, akaweka tofali, akaendelea kulia pale alipoachia. Mfiwa mwenyewe alianza kucheka ndani ya machozi yake, na mpaka leo anasema kwamba siku ile alijua ataishi.

Kuna siku iliyomfanya ajulikane mpaka mpakani. Lori langu lilikuwa limeshikwa Kasumbalesa, na ndani yake, katikati ya mifuko ya unga, kulikuwa na katoni ya Madame. Afisa mmoja wa forodha alikuwa ameifungua. Nilikwenda mwenyewe na gari dogo, na Madame akapanda bila kualikwa. Njia nzima nilimsihi: "Madame, niachie mimi niongee. Hawa watu wana lugha yao." Akasema ndiyo, ndiyo. Tulipofika, foleni ya malori ilikuwa ndefu mpaka huoni mwisho, wabadilishaji fedha wanapita na vitita vyao, madereva wamelala chini ya magari. Na afisa yule alikuwa amekaa juu ya sanduku, kitabu cha picha mapajani, anawasomea wenzake wawili kwa sauti.

Nilifungua mdomo nianze maneno yangu matamu. Madame akanipita.

"Umefika wapi?"

Yule afisa akashtuka. "Mama, bitabu hii iko na faida gani? Ni ya batoto tu."

"Ninakuuliza umefika wapi."

"Pale mamba anakatala kuoga."

"Na unaona iko muzuri?"

Akafikiri. Kweli alifikiri, na nyuma yake nchi mbili zinangoja mizigo. Akasema mwanzo ni mzuri ila katikati mwandishi amechoka. Madame akapiga makofi. Alimwambia kuwa waamuzi wa tuzo huenda waliona vivyo hivyo, ndiyo maana kitabu kilikosa. Katoni ilitoka siku ile, isipokuwa kile kitabu, kwa sababu afisa alitaka kukimaliza. Madame alimwachia. Kisha kwa majuma mengi kila dereva wangu aliyevuka alipewa ujumbe mmoja wa kumfikishia yule bwana: kitabu, tafadhali. Kilirudi, na ndani yake kuna maoni yaliyoandikwa kwa kalamu ya forodha.

Lakini jambo lake kubwa lilikuwa kura.

Alianza kwa sababu ya kibandiko cha dhahabu. Zamani aliweka mezani vitabu vyote vilivyoteuliwa, mshindi pamoja na wengine, akawaambia watoto wachague kilicho bora. Wote walichagua chenye kibandiko cha dhahabu kwenye jalada, hata wale ambao hawakukifungua. Madame alikasirika siku tatu. Kisha akaja depo kuomba mifuko ya sementi iliyokwisha kutumika, akaikung'uta mpaka mtaa mzima ukapiga chafya, akakata ile karatasi yake ya kahawia na kufunika kila kitabu. Jina la mwandishi halionekani, nchi haionekani, tuzo haionekani. Namba tu. Toka hapo watoto walisoma msimu mzima bila kujua wanamsoma nani, na siku ya kura kila kitabu kilipewa kopo lake.

Mwaka wa kwanza wa makopo alitumia karanga nilizomnunulia mimi. Kila mtoto karanga moja, aiweke kwenye kopo la kitabu anachokipenda. Nani mwingine angefanya kosa hilo isipokuwa mtu ambaye kichwa chake kimejaa vitabu? Watoto walipiga kura vizuri, kisha kila kundi likasimama kando ya kopo lake kulilinda, na kulinda kukageuka kuwa kula. Madame alipofungua, kitabu kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa na maganda matupu. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mwaka uliofuata alikuja kwangu kuchukua mahindi makavu, yale magumu ya kusaga, yanayovunja meno.

Baada ya kuhesabu, alifungua karatasi moja baada ya nyingine na kuwatambulisha waandishi. Hapo ndipo ungempenda hata kama hupendi vitabu. "Huyu anaitwa hivi. Anakaa Togo. Ana watoto wawili na anaandika jikoni." Watoto waliokuwa hawajui kama Togo ni nchi au ni dawa walirudi nyumbani wakililia jina la mama mmoja wa Togo kama shangazi yao. Na kila mwaka alimaliza kwa maneno yale yale: "Kuteuliwa inatosha, banangu. Kushinda ni makelele tu."

Mimi nilimwamini. Nilikuwa nalitumia neno hilo hata na wanangu wakishindwa mpira.

Sasa niseme juu ya kitabu namba tano.

Mwaka mmoja, kabla ya msimu wa kusoma, Madame alinipa bahasha nene ya karatasi zilizopigwa chapa. Aliniomba niipeleke mjini kwa watu wa kujalidi, iwe na jalada gumu, "ifanane na kitabu ya kweli." Nikauliza ni ya nani. "Ya muntu moja," akasema, na kwa mara ya kwanza toka nimjue hakuniangalia usoni. Sikuhitaji kuwa mpelelezi. Niliipeleka, ikarudi kitabu, akakifunika kwa karatasi ya sementi kama vingine na kukiweka katikati yao.

Kwa kawaida sikuhudhuria kura. Mwaka ule nilifunga depo mapema nikaenda nikakaa benchi la nyuma, magoti yangu yakigusa kidevu. Madame alikuwa anazunguka. Alipanga makopo, akayapangua, akayapanga. Watoto walipita na punje zao, punje zikalia ndani ya makopo, na mimi nilisikiliza kopo la tano kama mtu anayesikiliza mlango wa chumba cha mgonjwa. Sikusikia kitu. Alipoligeuza, hakuna kilichodondoka. Akaligonga chini kwa kiganja. Hakuna.

"Juu ya nini hakuna mutu alichagua hii?" aliuliza, sauti yake ya kawaida kabisa.

Msichana mmoja, yule ambaye kila siku hubishana, akanyoosha mkono. "Madame, ni bongo tu, haiko kweli. Mule mutoto anaiba filimbi ya mukubwa wa gare ya treni. Halafu yeye mwenyewe anairudisha, analia, anaomba musamaha, bantu bote banafurahi. Mutoto gani anafanya vile?"

Chumba kizima kikacheka.

"Na mwandishi anatufundisha tu, anatufundisha," mwingine akaongeza. "Anatuona shiye bajinga."

"Bengine banasema nini?" Madame akauliza. Na wengine wakasema, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kusema. Aliwasikiliza mpaka wa mwisho. Akafungua karatasi za vitabu vingine, akawatambulisha waandishi wao kwa furaha ile ile ya kila mwaka. Alipofika kwenye cha tano alisema mwandishi wake hajulikani, akakiweka kwenye mkoba. Mimi pale nyuma nilitaka kusimama niwafokee wale watoto wote. Nilikuwa na hasira nao kweli, watoto waliokula karanga zangu.

Walipotoka alikuja depo, akaomba soda baridi, akainywa yote bila kupumua.

"Banasema kweli," akasema. "Mimi nilikuwa naandika sawa vile naongea na muinspekta wa masomo." Akaweka chupa chini. "Lakini inauma, Papa Kamyo. Inauma sana."

Nikasema pole. Hakungoja neno jingine, alishavuka barabara.

Baadaye dada yake mdogo aliyeko Kilwa alifiwa, akamwomba aende wakae pamoja. Kilwa ile ya ziwa Mweru, mbali, barabara ya kuombea rehema. Madame alifunga mizigo na kuhama ndani ya siku chache tu, kama mtu anayekimbia mvua. Chumba aliwaachia wasichana wawili waliokua mle ndani, na mmoja wao ndiye yule wa kubishana. Vitabu vyote aliviacha. Alichukua kile cha jalada gumu peke yake.

Kutoka Kilwa alinitumia sauti kwenye simu, mtandao ukiruhusu. Alilalamika juu ya harufu ya samaki, juu ya umeme, juu ya watoto wa Kilwa ambao, alisema, wanajua kila kitu cha majini na hawana kitabu hata kimoja. Akaomba karatasi nyeupe, nikampelekea. Akaomba tena. Siku moja akasema nyumba moja ndogo ya uchapaji hapa Lubumbashi imekubali hadithi yake, amekwisha kuiandika upya, kwa Kiswahili. Nilifurahi, nikawaambia wateja, wateja wakataka unga wao.

Kisha ikaja sauti nyingine. Mwanzo ilikuwa upepo na kuku tu, nikafikiri amebonyeza simu kwa bahati mbaya. Halafu akasema polepole: "Papa Kamyo. Niko mu batano."

Hadithi yake ilikuwa imeteuliwa kuwania tuzo ya vitabu vya Kiswahili vya vijana. Yeye, Madame, kwenye mojawapo ya orodha ambazo miaka yote hiyo alizivizia. Nilipiga kelele ndani ya depo, wapagazi wakadhani nimeumia.

Nikampigia, nikamtania: "Madame, basi kazi imekwisha. Kuteuliwa si kunatosha?"

"Nani alisema ile?"

"Wewe. Kila mwaka."

"Nilikuwa mujinga. Nataka kushinda. Silali. Nasoma bitabu ya bale bane, natafuta makosa yabo. Nakuwa mutu mubaya, Papa Kamyo. Usibaambie batoto."

Toka siku hiyo hakunipa raha. Wametangaza? Bado. Leo je? Bado, Madame. Alikuwa anapanda mpaka kilimani kutafuta mtandao ili aniulize swali moja. Mke wangu akaanza kusali kwa nia hiyo. Mimi nilikuwa naamka nikishika simu kabla ya viatu, mimi ambaye tuzo ya vitabu hainihusu ndewe wala sikio.

Yule msichana wa kubishana ndiye aliyekuja na habari. Aliingia depo na simu mkononi, akanipa nisome. Jina halikuwa la Madame.

Nilipiga Kilwa. Simu haipatikani. Nikapiga tena, na tena, mpaka mfanyabiashara mmoja wa samaki akanieleza kwamba mnara wa huko umezimika, mafuta ya jenereta yamekwisha, na hakuna ajuaye yatafika lini. Kwa hiyo Madame alikuwa hajui. Alikuwa bado anapanda kile kilima.

Nilikuwa na lori linalokwenda huko na sementi, lirudi na samaki wakavu. Nikapanda mwenyewe, jambo ambalo mtu wa umri wangu na mgongo wangu halifanyi. Kwa wachapaji nilichukua katoni ya nakala zake, maana alikuwa hajaziona. Na ile habari niliibeba kifuani, inanisumbua kila tukirushwa na shimo. Nilijaribu kuipangia maneno. Nilisema kwa sauti, dereva akaniuliza naongea na nani.

Mbele ya safari tukazama kwenye tope. Dereva akashuka kutafuta watu wa kuchimba. Mimi nimekaa kule juu, siwezi kwenda mbele, siwezi kurudi. Nikafungua katoni nishike tu kitu. Sijawahi kumaliza kitabu maishani, hilo Madame alilijua na alinisamehe kwa ajili ya malori. Nikaanza.

Ni kambi ya wafanyakazi wa reli, na treni haiji tena. Mkubwa wa gare bado anakuja kila asubuhi na sare yake, anapiga filimbi kwa ajili ya treni isiyokuja. Msichana mmoja anaiiba ile filimbi. Sasa hairudishi. Anaipuliza yeye mwenyewe, jioni, kando ya reli, na watu wanatoka majumbani na mizigo yao, kila mtu anadhani ndiyo ile treni. Bibi mmoja anatoka na mbuzi wake amevaa utepe. Wanasimama wote pale, treni haiji, na hawaondoki. Wanaanza kuambizana walitaka kwenda wapi. Mkubwa wa gare anajua nani ameiba, anamwona kabisa, na hasemi. Yule msichana haombi msamaha kwa mtu yeyote. Na wote wanaongea kama watoto wa Kampemba, hakuna radio hata kidogo.

Nilimcheka yule bibi wa mbuzi. Kisha nikaona siwezi kusoma vizuri, macho yamejaa maji. Dereva akaniita: "Patron, shuka tusukume!" Nikamwambia angoje, zimebaki kurasa mbili.

Tulifika Kilwa mchana wa siku ya pili. Madame alikuwa ufukweni na dada yake, katikati ya wanawake wanaoanika samaki, magamba mpaka kwenye viwiko. Aliliona lori, akaniona mimi nikishuka, akaja mbio akifuta mikono kwenye kitenge. Alikuwa amekonda. Akaniuliza hali ya mke wangu, ya watoto mmoja mmoja, ya padri, ya mfiwa wa meza, ya barabara. Nilijibu yote. Dereva aliteremsha katoni akaiweka miguuni pake, na yeye hakuitazama.

"Bametangaza," akasema.

"Ndiyo, Madame."

"Si miye."

"Si wewe, Madame."

Alitazama ziwa, akatazama lori, akakunja kitenge akakikunjua. Mimi nilikuwa nimejiandalia methali njia nzima, kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, nikaimeza. Niliona aibu hata kuwa niliifikiria.

"Bamekosea," akasema. "Yangu ilikuwa muzuri kupita yabo. Nilisoma yabo yote. Bamekosea." Kisha akanigeukia kwa ukali kama mtoto wa darasa lake. "Na weye usinitulize. Hauna hata haki. Haujasoma."

"Nimesoma."

"Yote?"

"Yote. Tulipozama kwenye tope."

Nadhani alikuwa tayari kwa mambo mengi siku ile, ila si kwa hilo. Alinikagua usoni, upande huu na upande huu, akitafuta ile huruma ambayo watu humpa aliyeshindwa. Hakuiona, kwa sababu haikuwepo. Nilikuwa na hasira na wale waamuzi kuliko nilivyopata kuwa na hasira na watu wa forodha.

"Wamekosea, Madame," nikasema.

Machozi yakamtoka, hakuyafuta, mikono yake ilikuwa na magamba.

"Rudilia."

Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi, mpaka wanawake wa samaki wakageuka kututazama.